Kumvizia Chozi Bustanini

Chozi kifua-chekundu, ambaye wanasayansi humwita Chalcomitra senegalensis, ni ndege wa sentimita 15 hivi, mwenye uzito usiofika gramu 20. Huishi savana, mashambani na bustanini kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, na katika miji ya Afrika Mashariki haihitajiki safari kumwona. Penye haibiskasi, mshubiri au mgomba uliotoa ua, hakosekani. Dume ni mweusi wa mahameli, kifua chake ni chekundu kikali, na utosi na kidevu ni vya kijani kinachometameta. Jike ni wa kahawia mwenye mabaka hafifu kifuani, na wasiomjua humdhani ndege wa aina nyingine kabisa. Familia yao, Nectariniidae, ina spishi zaidi ya 140, na baadhi zina makazi finyu mno: chozi wa Amani hupatikana katika misitu michache kama ya Usambara na ule wa Arabuko-Sokoke, naye chozi wa Loveridge haonekani nje ya milima ya Uluguru. Mpiga picha anayewataka hao wawili hupanga safari. Anayemtaka kifua-chekundu hupanga kiti.

Wengi hawapangi hata hicho kiti. Humwona ndege, hukimbilia kamera au simu, humfuata kutoka kichaka hiki hadi kile, na huishia na picha ya tawi lililoachwa likitikisika. Kumkimbiza hakuna faida, kwa sababu ndege anayerudi bustani ileile kila siku ana ratiba, na ratiba hiyo imepangwa na maua. Ua hutoa nekta kidogo kidogo. Likishanyonywa huhitaji muda kabla halijawa na kitu cha kurudiwa. Chozi huzunguka maua yake kwa mpangilio, na dume shupavu hulinda eneo lake dhidi ya wenzake ili maua yapate nafasi ya kujaa.

Hesabu ya ulinzi huo ilifanywa Kenya. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, Frank Gill na Larry Wolf, walichapisha kazi yao juu ya chozi bawa-dhahabu, jamaa wa nyanda za juu anayetegemea sana maua ya Leonotis, lile gugu refu lenye vifundo vya rangi ya machungwa shinani hadi kileleni. Waliona kwamba ukubwa wa maeneo yanayolindwa hutofautiana sana, lakini idadi ya maua ndani yake hukaribiana: takribani 1,600, kiasi cha kumtosha ndege mmoja kwa siku. Ua likiwa na mikrolita moja tu ya nekta, ndege huhitaji saa nane za kula ili akidhi mahitaji yake ya siku. Likiwa na mikrolita mbili, humtosha saa nne. Walikadiria pia gharama: kukaa tawini hutumia kalori 400 kwa saa, kutafuta chakula 1,000, na kufukuza mvamizi 3,000. Hizo ni kalori ndogo za maabara, si zile zinazoandikwa kwenye pakiti za biskuti.

Kwa mpiga picha, tarakimu hizo zina maana mbili. Kwanza, ndege aliyejaza tumbo mapema hupata muda mrefu wa kukaa wazi, kuimba na kujichana manyoya, na huo ndio wakati wa picha nzuri kuliko zote. Pili, kila anaposhtuliwa akaruka, hutumia nguvu ambayo ameilipia kwa maua kadhaa. Ndege mwenye maua ya akiba kwa jirani atahamia huko bila kuaga.

Kwa hiyo siku za mwanzo ni za daftari, si za kamera. Kinachofaa kuandikwa ni saa aliyofika, ua alilolianza, upande aliotokea, na mahali alipotua kabla na baada ya kula. Baada ya siku chache picha ya mwenendo wake hujitokeza. Mara nyingi kuna kituo kimoja ambacho hakikosi: kijiti kikavu, ncha ya nondo ya uzio, waya wa kuanikia nguo. Hapo ndipo anapofuta mdomo baada ya kunyonya, akiusugua kushoto na kulia kama mnoa kisu, na hapo ndipo anapoimba. Kituo hicho kina thamani kuliko ua lenyewe, kwa kuwa uani kichwa huwa kimezama ndani ya petali.

Hapa kuna tofauti ya maana kati ya chozi na wale ndege wavumaji wa Amerika ambao wengi wamewaona kwenye filamu. Hawana udugu wa karibu. Wamefanana kwa sababu ya chakula tu. Ndege mvumaji hula akielea hewani, mabawa yakipiga kasi isiyofuatika kwa jicho. Chozi anaweza kuelea kwa muda mfupi, lakini hupenda kutua kwanza, akashika shina la ua kwa kucha, hata kwa kuning'inia kichwa chini. Anayetaka picha hahitaji basi mitambo ya kusimamisha mabawa. Anahitaji kujua atatua wapi.

Maua nayo hayalingani. Kwenye mshubiri mdomo huingia kwenye kila kirija kutoka chini, na ndege hupanda shina hatua kwa hatua, jambo linalompa mpiga picha nafasi nyingi mfululizo. Kwenye ua la mgomba yeye huning'inia pembeni ya ganda la zambarau, na mwili mzima huonekana. Haibiskasi ina hila yake: ua ni refu na pana, kwa hiyo chozi mara nyingi hutoboa kitako cha ua kutoka nje na kunyonya nekta bila kugusa chavua. Kwa ua ni wizi, kwa kamera ni bahati, maana uso wote hubaki nje. Chavua yenyewe inafaa kutazamwa. Chozi anayetoka kwenye maua fulani huwa na vumbi la njano kwenye paji la uso, na wahariri wa picha wasiojua hulifuta wakidhani ni doa kwenye lenzi.

Swali la wapi pa kukaa hutanguliwa na swali la jua. Kijani cha utosi wa chozi hakitokani na rangi iliyomo kwenye unyoya. Ndani ya vijinyuzi vya unyoya kuna chembe za melanini zilizopangwa kwa matabaka, na mwanga ukigonga matabaka hayo, mawimbi ya urefu fulani huimarishana huku mengine yakifutana. Kinachorudi machoni hutegemea pembe. Ndege akigeuza kichwa kidogo tu, kijani huwa buluu, kisha hutoweka na kubaki weusi. Jamaa yake, chozi ambaye koo lake ni la zambarau, huonekana mweusi mtupu siku nzima kwa mtu aliyekaa upande mbaya. Wekundu wa kifua ni jambo jingine: huo umo kwenye unyoya wenyewe na hauyumbi kwa pembe, ingawa karibu na ncha za manyoya hayo mekundu kuna mistari myembamba ya buluu inayometa, ambayo kwa macho matupu haionekani vizuri. Picha nzuri ya karibu ndiyo huionyesha.

Matokeo yake ni kwamba mpiga picha hukaa jua likiwa mgongoni mwake, au kidogo tu pembeni, na kituo cha ndege kikiwa mbele. Jua likiwa nyuma ya ndege, dume hugeuka kivuli chenye mdomo. Kivuli hicho kinaweza kupendeza, hasa ule mdomo uliopinda dhidi ya anga la machweo, lakini kitakuwa kivuli cha chozi yeyote. Siku ya mawingu ni nzuri kwa jike, ambaye uzuri wake uko kwenye vivuli vya kahawia; kwa dume mawingu hufifiza mmeto.

Karibu na ikweta muda wa mwanga mzuri ni mfupi. Jua hupanda karibu nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo likichomoza saa kumi na mbili na nusu, hadi saa mbili na nusu limeshafika nyuzi 30 juu ya upeo, na kufikia saa nne linamulika kutoka juu: mgongo unang'aa, kifua kiko gizani. Saa mbili za mwanzo ndizo za kufanyia kazi, na kwa bahati nzuri ndizo ambazo chozi ana njaa baada ya usiku mzima bila kula. Jioni kuanzia saa kumi na nusu nafasi hurudi, lakini kwa bustani nyingi za mjini ukuta wa jirani hulimeza jua mapema.

Kibanda bora cha kujifichia bustanini ni nyumba yenyewe. Upigaji picha wa ndege wa porini ulianza kwa mahangaiko makubwa zaidi. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, waliotoa mwaka 1895 kitabu cha viota vya ndege kilichopambwa kwa picha zilizopigwa porini, walifikia hata kutengeneza ng'ombe bandia, mtu akasimama tumboni mwake na kamera. Cherry baadaye alikuja Afrika Mashariki na kamera zake, mwaka 1909. Chozi wa bustanini hadai ng'ombe. Amezoea dirisha, amezoea mlango unaofunguliwa na kufungwa, na mtu aliyeketi kivulini ndani ya chumba kisichowashwa taa hamshughulishi.

Dirisha la Kiafrika Mashariki, hata hivyo, lina nondo na wavu wa mbu. Nondo ni msaada: mfuko mdogo wa mchele au maharage ukiwekwa kwenye kizingiti, lenzi hulala juu yake imara kuliko kwenye stendi ya miguu mitatu, na bila kutikisika. Wavu ni adui. Lenzi ikiugusa kabisa, nyuzi hupotea machoni lakini picha hufifia, kana kwamba imepigwa ndani ya moshi. Heri kuufungua upande mmoja asubuhi hiyo na kuurudisha kabla mbu hawajaamka. Kama ni kioo, kifutwe pande zote mbili na lenzi ielekezwe moja kwa moja, si kwa mshazari. Asiye na dirisha linalotazama bustani anaweza kutumia gari lililoegeshwa, ilimradi vioo vyake vya pembeni vimefunikwa. Dume la chozi likiona sura yake humo huona mpinzani, na linaweza kupoteza asubuhi nzima likimpiga vita mpinzani asiyechoka.

Umbali ndio unaoamua mengi kuhusu kifaa. Kwa lenzi ya milimita 400 na kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36, chozi aliye umbali wa mita nne hujaza karibu nusu ya upana wa picha. Akiwa mita nane, hubaki karibu moja ya tano. Ndiyo maana kukisogeza kituo cha ndege kuelekea dirishani huleta zaidi kuliko kununua lenzi ndefu zaidi, na ni rahisi mara nyingi zaidi. Chungu cha mshubiri uliochanua huweza kusogezwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na kijiti kikavu kikachomekwa kando yake. Ndege huchagua kijiti kwa sababu kiko wazi na kiko karibu na chakula, na akishakizoea, hukirudia.

Mandharinyuma hupangwa wakati huohuo. Kijiti kilicho mita tatu au zaidi mbele ya ua wa michongoma hutoa kijani laini kisicho na vurugu. Kijiti kilicho sentimita 20 mbele ya ukuta wa chokaa hutoa ukuta wa chokaa. Kwa lenzi ile ya milimita 400, mita nne, na tundu la f/5.6, sehemu inayoonekana kwa ukali kamili ni kama sentimita tatu tu kwa kina. Hiyo inatosha jicho na mdomo ikiwa ndege ametazama pembeni. Akitazama kamera moja kwa moja, jicho huwa kali na ncha ya mdomo huyeyuka, na hapo uamuzi ni mmoja: jicho lisipoteze ukali. Kamera za siku hizi hulitambua jicho la ndege zenyewe. Za zamani huhitaji nukta moja ya fokasi iwekwe kichwani, au fokasi ishikwe kabla kwenye kijiti.

Kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde hutosha kwa chozi aliyetua, ambaye hata akiwa ametua hatulii. Kwa anayeelea au kuruka, 1/2500 au zaidi. Mwanga wa asubuhi ukiwa haba, ISO ipandishwe bila woga. Chembechembe kwenye picha huvumilika na programu za kuhariri huzipunguza, lakini picha iliyotikisika haina dawa.

Jambo linaloharibu picha nyingi za chozi dume ni kipimo cha mwanga. Mita ya kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ndege mweusi akijaza picha, mita huongeza mwanga ili kuufanya weusi uwe kijivu, na kifua chekundu huungua: doa moja jekundu lisilo na manyoya ndani yake. Wekundu huungua kabla ya rangi nyingine, na mara nyingi chati ya jumla ya mwanga haionyeshi hasara hiyo. Inabidi kutazama chati ya rangi nyekundu peke yake. Kupunguza theluthi mbili za stopu, au stopu nzima jua likiwa kali, huokoa ile mistari ya buluu. Ndege akiwa juu ya tawi na anga jeupe nyuma yake, hesabu hugeuka na mwanga huongezwa. Faili ghafi husaidia kurekebisha weusi baadaye, si wekundu ulioungua. Kuhusu flashi, wapo wanaoitumia ili kufufua mmeto wakati wa mawingu. Matokeo huwa na mng'ao bandia na nukta nyeupe jichoni, na bustani yenye jua la kutosha haina haja nayo.

Simu nayo ina nafasi yake, ila si kwa kuvuta picha kutoka mbali, ambako ndege hubaki rundo la pikseli. Njia inayofaa ni kuifunga simu nusu mita kutoka kwenye ua linalojulikana kutembelewa, kwenye kijiti au stendi ndogo, ikirekodi video ya 4K huku mwenyewe akiwa mbali. Kila fremu ya video hiyo ina takribani pikseli milioni nane, zinazotosha kuchapwa kwa ukubwa wa kawaida. Simu iachwe hapo bila kurekodi kwa siku moja au mbili kwanza, ndege aizoee.

Kishawishi cha kumleta ndege kwa haraka kipo cha namna mbili. Cha kwanza ni sauti: kuchezesha wimbo wa chozi kwa simu. Dume huja, tena kwa hasira, akijiandaa kumfukuza mvamizi. Huja kwa gharama ya zile kalori 3,000 kwa saa, na hukaa akitafuta adui badala ya kula. Picha yake huonyesha hivyo, maana manyoya huwa yamebanwa na mwili umeinama. Cha pili ni maji ya sukari. Chozi huyanywa, lakini kwenye joto la pwani huchacha upesi na kuota ukungu, na chombo kisichooshwa kila siku hueneza magonjwa kati ya ndege wanaopokezana. Picha ya ndege kwenye chupa ya plastiki, zaidi ya hayo, ni picha ya chupa ya plastiki. Mimea mitatu minne inayochanua kwa zamu mwaka mzima hufanya kazi hiyo bila uangalizi. Maji ya kawaida hufaa kwa njia nyingine: chozi huoga kwa kujisugua kwenye majani yaliyolowa, na jani la mgomba lililonyunyiziwa asubuhi huweza kumleta.

Kiota kina masharti makali zaidi. Hujengwa na jike peke yake: kifuko kinachoning'inia cha nyasi na nyuzi za mimea, kikiwa kimefungwa kwa utando wa buibui, mlango ukiwa ubavuni chini ya kibaraza kidogo. Wakati mwingine huning'inizwa kwenye waya wa barazani, mbele ya macho ya watu. Mayai kwa kawaida ni mawili na huatamiwa na jike kwa takribani majuma mawili. Kishawishi ni kukata majani yanayokiziba ili lenzi ione. Majani hayo ni kivuli dhidi ya jua na pazia dhidi ya kunguru wa Bara Hindi, ambaye aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe takataka, akaenea pwani yote, na sasa hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kunguru hutazama pia mienendo ya watu. Mtu anayesimama mahali pamoja kila asubuhi akielekeza chombo kichakani amemwonyesha njia. Picha za kiota, kama ni lazima, zipigwe kutoka dirishani na kwa lenzi ndefu, baada ya makinda kuanguliwa, wakati wazazi wote wawili wanapoleta buibui na wadudu, na zikome mara jike anapositasita kuingia.

Kazi ya mwisho ni mezani. Katika rundo la picha za asubuhi moja, zinazobaki huwa chache: zenye jicho kali, mmeto wa utosi, na mdomo usiokatwa na jani. Kuhariri kwa chozi ni kazi ya kujizuia, kwani kitelezi cha kukoleza rangi kikisukumwa kidogo tu, ile mistari ya kifuani hupotea tena. Picha zisizo nzuri lakini zenye habari hazifutwi. Ya jike akiwa na utando mdomoni huonyesha kwamba ujenzi umeanza; ya dume kijana mwenye koo jekundu na mwili bado wa kahawia huonyesha umri. Zikiandikwa tarehe, mahali na jina la ua, huweza kupelekwa kwenye hazina kama eBird, iliyoanzishwa na Maabara ya Ornitholojia ya Cornell mwaka 2002, au iNaturalist, ambako watumiaji wengine huthibitisha spishi. Kenya ina Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909 kwa jina la Jumuiya ya Historia ya Asili ya Afrika Mashariki na Uganda, ambacho wanachama wake hukutana Nairobi kwa matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi. Anayetilia shaka jike aliyempiga picha, kwa kuwa majike ya spishi kadhaa hufanana mno, hupata jibu huko haraka kuliko kwenye vitabu, hasa akiwa na picha iliyoonyesha koo, mkia kwa chini, na umbo la mdomo.